Jumamosi Tatu za Dobi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Michezo; Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Wanamieleka; Bwana Mkuu wa Chumba cha Kufulia cha hospitali yetu, uliyekuja na shati jeupe kuliko sisi sote; mama mzazi wa Dobi, uliyekaa hapo mbele na ambaye hujanikunjulia uso kwa miaka ishirini na miwili; waamuzi wetu, mlioona mengi na mliopewa kazi ya kutoyaona; ndugu wageni waalikwa, pamoja na ninyi mliopitia mlango wa nyuma: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu habari za leo.

Kwa wale mlionizomea nilipokuwa nasimama, nashukuru. Nimestaafu mwaka wa kumi na moja sasa, na nilidhani mmenisahau.

Kwa wageni wasionijua, jina langu la ulingoni ni Kisirani. Kazi yangu ilikuwa kuchukiwa. Katika mieleka ya ukumbi huu lazima awepo mtu wa kupendwa na mtu wa kuchukiwa, na wawili hao wanahitajiana kama sufuria na mfuniko. Mimi niliajiriwa kwa upande wa pili, kila Jumamosi saa kumi alasiri, na niliifanya kazi hiyo kwa bidii. Nilivuta nywele. Nilikanyaga vidole. Niliwatemea maji watu wa safu ya kwanza, na wengine walirudi safu hiyohiyo wiki iliyofuata kuona kama nitathubutu tena. Najua wapo humu wanaoamini kwamba sisi hupanga mshindi kabla ya kengele kulia, na wapo wanaoamini kwamba hatupangi. Nawaheshimu wote, na leo sitamsaidia yeyote.

Nimeombwa niseme jinsi Dobi alivyoanza. Mikanda yake ya ubingwa mnaiona hapo mezani, na mtu akishaiona mikanda hudhani mwenyewe alizaliwa nayo kiunoni. Hakuzaliwa nayo. Alizaliwa na mama huyu hapa, akalelewa vizuri, na malezi hayo nusura yatutie sote njaa.

Alikuwa na miaka ishirini, mfanyakazi wa chumba cha kufulia. Mashine ya kukamulia ilikuwa imeharibika tangu kabla hajaajiriwa, na barua ya kuomba nyingine ilikuwa bado iko njiani, kwa hiyo mashuka ya wodi zote aliyakamua kwa mikono. Bwana Mkuu, unatikisa kichwa, lakini barua hiyo uliiandika wewe. Sasa, turubai la ulingo wetu lilikuwa likifuliwa kule hospitali mara moja kila mwezi. Turubai lile likiwa limelowa hubebwa na wanaume wanne, tena wawe wamekula. Siku moja Meneja wa ukumbi alisikia mlango unagongwa kwa mguu, akafungua, akamkuta msichana peke yake amelibeba begani. Msichana akauliza aliweke wapi. Meneja hakumwambia pa kuliweka. Alimuuliza kama Jumamosi ana kazi.

Nikapewa mimi nimfundishe. Kwa wiki sita tulikuja hapa asubuhi, nikamfundisha kuanguka bila kuvunjika na kumwangusha mwenzake bila kumvunja, kwa sababu mwanamieleka anayemvunja mwenzake hupata sifa siku moja na hukosa mpinzani mwaka mzima. Nikamfundisha pia ishara zetu. Nitawatolea moja tu, Mwenyekiti, usinitazame hivyo. Ukimshika mwenzako, halafu ukambana kifundo cha mkono mara moja, maana yake ni: niko hapa, tulia.

Kila asubuhi aliponikuta aliniamkia, nami nikamwitikia, kisha tukaanza kuangushana. Hakuna aliyeona tatizo. Hapakuwa na watu.

Jumamosi ya kwanza niliingia mimi kwanza, ukumbi ukanizomea vizuri sana, nikapanda kamba na kuwatukana kwa mikono. Kisha akaja yeye, na nguo ya buluu aliyoshonewa na mama yake, mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Kengele ikalia. Tulitakiwa tuzungukane kama majogoo. Yeye akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Shikamoo, mama."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na aliniita mama. Nilimsamehe. Alikuwa amekosa adabu kwa adabu. Kosa halisi lilikuwa langu, na mashahidi wake wengine wamo humu. Mimi, Kisirani, mwenye miaka tisa ya uovu usio na doa, nilisema:

"Marahaba. Hujambo?"

Naye akasema hajambo.

Ndugu wageni waalikwa, mmewahi kusikia watu mia nne wakicheka kwa pamoja? Nani atamchukia mwanamke anayemjulia hali mtoto wa mwenzake? Nilimvuta nywele, wakacheka. Nilimkanyaga vidole, wakaniambia nikanyage taratibu. Nilipotema maji, bwana mmoja wa safu ya kwanza alijifuta akaniambia asante.

Jumamosi ya pili Meneja alimweka kitako kabla ya pambano, akamweleza kwamba ulingoni hakuna mkubwa wala mdogo. Dobi akasema ndiyo, bosi. Mimi nami nikaahidi kwamba hata akiniamkia sitajibu. Tukaingia. Alinipita mdomo umefungwa, na niliona koo lake likipanda na kushuka kama la mtu anayemeza kidonge bila maji. Akavumilia dakika nne. Katika dakika ya tano nilikuwa nimembana kichwa kwapani, ukumbi umeanza kunizomea tena, moyo wangu umeanza kutulia, nikasikia sauti ndogo inatoka hapo kwapani, "Shikamoo, mama." Marahaba ikanitoka kabla sijajua. Mazoea yana taabu. Mwamuzi ilibidi ageuke atazame ukuta, na watu wa nyuma wakataka kujua habari za nyumbani.

Hapo mambo hayakuwa ya kuchekesha tena. Meneja alituita ofisini akasema ukumbi ukicheka Jumamosi ya tatu, Dobi aende zake, na mimi nikakate tiketi mlangoni. Bwana Mkuu hapa naye alikuwa amemwambia binti achague, maana Jumamosi ndiyo siku ya mashuka ya wodi zote. Alikuwa ameshachagua. Alirudisha aproni na buti zake Jumatatu ile, na Jumanne mtu mwingine alikuwa amezivaa. Pa kurudi hapakuwepo.

Sasa nitasema jambo ambalo Dobi halijui. Siku ya Alhamisi nilirudi kwa Meneja peke yangu, nikamwambia, mfukuze mtoto huyu kabla hajanimaliza. Ndivyo nilivyosema. Nilimfundisha mimi, nikanywa chai aliyoniletea wiki sita, na nikaenda kuomba afukuzwe. Meneja akakataa, na si kwa huruma. Alisema mabango yameshabandikwa.

Ijumaa nikaenda nyumbani kwao kuzungumza na mama mzazi. Nilimwomba amruhusu binti yake asiniamkie, kwa dakika kumi na tano tu, kila Jumamosi. Mama alikuwa anakunja nguo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka pembeni taulo alilokuwa nalo, akaniambia:

"Mwanangu anaweza kumpiga mtu mzima. Kumpita bila kumwamkia, hapana."

Nikaaga. Nilitembea njia nzima nimeuma meno, na ukweli ni kwamba sikuwa na mpango wowote. Baadaye watu waliandika kwamba Kisirani alibuni mbinu. Kisirani alikuwa na hasira, na alikuwa ameamua kufunga mdomo, basi.

Jumamosi ya tatu ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Walikuja kucheka. Kengele ikalia, akaja, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama." Nikanyamaza. Wakacheka kidogo, wakingoja. Akadhani sikusikia, akasogea. "Shikamoo, mama." Nikatazama kucha zangu. Hapo kicheko kikaanza kupungua, kikaisha upande wa kulia, kikaisha upande wa kushoto, na mara ya tatu alipoamkia sauti yake ilikuwa imepasuka, kwa sababu yeye hakuwa anaigiza. Alikuwa anafikiri amenikosea kweli.

Mzee mmoja wa safu ya kwanza akasimama kwa fimbo yake, akasema kwa upole, "Mwitikie mtoto." Nikampa kisogo. Ndugu zangu, nilikuwa nimeshavuta nywele na kukanyaga vidole kwa miaka tisa, kumbe uovu nilikuwa bado sijauanza. Ukumbi mzima ulisimama. Wakapiga viti na kuimba, "Itikia! Itikia!" Kiatu cha mwanamke kilinipiga begani, na kilikuwa kiatu kizuri, cha ngozi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi niliogopa.

Tukashikana. Nikamwona machozi yanamtoka, nikamhurumia, nikambana kifundo cha mkono mara moja. Niko hapa, tulia. Nimeshawaeleza ishara hiyo ninyi, na mmeielewa mara moja. Yeye nilimwelekeza wiki sita, na kwa mshtuko ule akaisahau, akadhani nimeanza kumpiga kweli. Akanikamata mkono kwa mikono yake miwili, akanikamua.

Sina neno lingine. Alinikamua kama shuka la wodi ya wazazi, akanizungusha, akanitupa, nikashuka kwenye turubai lile alilolifua mwenyewe. Mwamuzi akahesabu tatu. Wengine mnajiuliza kama hilo lilipangwa, na nilisema sitamsaidia yeyote, lakini bega langu, hali ya hewa ikibadilika, linanijibia. Mkamuo huo ndio uliompa mikanda hiyo yote. Ulianza kwa kutoelewana.

Chumbani kwa kubadilishia nguo alinifuata, na mama yake nyuma yake. Akaniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Meneja akatokea mlangoni, uso unang'aa, akasema kuanzia leo sitamwitikia tena, si ulingoni, si barabarani, si popote penye macho ya watu, mpaka sisi sote wawili tuwe tumetoka katika kazi hii. Nikakubali. Nilikubali haraka, kwa sababu niliipenda kazi yangu. Dobi akanitazama, kisha akamtazama mama yake. Na mama akasema maneno ambayo nimekaa nayo mpaka leo:

"Sawa. Lakini siku hiyo ikifika, umwitikie mbele za watu. Umemnyima mbele za watu."

Tukapigana miaka kumi na moja. Kila Jumamosi aliniamkia, na kila Jumamosi nikatazama kucha zangu, na watu walisafiri kutoka mbali kuja kunichukia. Nilipolazwa kwa ajili ya goti alikuja kunitazama, akaniamkia mbele ya wodi nzima, nikageukia ukutani. Nesi wa zamu aliyeona jambo hilo alinichoma sindano kwa mkono ambao haukuwa wa kitabibu.

Hayo niliyacheka. Lakini mama yangu alipofariki Dobi alikuja msibani, akainama mbele yangu kati ya watu wote, akasema shikamoo mama, pole. Nami nikatazama chini. Wakanong'ona kwamba huyu hata msiba haumlainishi. Iliniuma, na nasema wazi iliniuma kuliko bega na goti. Baadaye nilitoka uani nikamkuta ameyatoa mashuka yote ya marehemu, ameyafua kwa mikono, anayaanika. Aliyanyoosha pembe zake, akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Mnaweza kuuliza, mbona hukumwitikia ulipostaafu? Kwa sababu yeye alikuwa bado ulingoni, na nusu ya waliokuja kumshangilia walikuja kwa sababu ya salamu ile isiyojibiwa. Ningejibu, ningemwibia. Meneja wetu ametangulia mbele ya haki, na hakuacha barua ya kubadilisha amri yake. Lakini Jumamosi iliyopita Dobi alivua viatu vyake katikati ya ulingo huu, akaviacha pale kama afanyavyo mwanamieleka anayestaafu, akashuka peku. Sasa tumetoka sote wawili.

Mheshimiwa Mkurugenzi, nakushukuru kwa nafasi hii. Bwana Mkuu, asante kwa kutoileta ile mashine mapema. Ndugu zangu wote, nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kunizomea leo kwa kiasi.

Mama mzazi, ulisema mbele za watu. Watu ni hawa.

Dobi, kaa hapohapo, usisimame. Hilo goti lako nalijua, nililiumiza mimi. Na usiniamkie leo. Ulishaniamkia vya kutosha.

Marahaba, mwanangu. Hujambo?