Mawakili wa Mungu na Jicho la Cheche

Benchi letu liko kati ya kinyozi na karakana ya kuchomelea vyuma, chini ya bati linalovuja mahali pamoja tu, na mahali hapo ndipo tunapomkaribisha mgeni. Mama Birika huja asubuhi na jiko lake la mkaa, na kabla kikombe cha kwanza hakijapoa huwa tumeshamaliza vita viwili na kumfukuza kocha mmoja. Asubuhi hiyo karakana ilikuwa na kufuli, kwa sababu mwenyewe, fundi Cheche, alikuwa ameketi nasi akiwa amefungwa bandeji machoni. Diski ya kukatia chuma ilimpasukia akiwa anatengeneza msalaba wa paa la kanisa, tena kazi ya kujitolea. Kipande kimoja kililiondoa jicho la kushoto palepale. Kingine kiliingia la kulia; madaktari wakakitoa, wakalishona, wakalifunga, wakasema tungoje. Bandeji ilikuwa ifunguliwe siku hiyo. Kabla ya adhuhuri Cheche angejua kama bado ni fundi, au ni mtu wa kushikwa mkono maisha yake yote.

Dada yake alimleta mpaka benchini, akamkalisha, akamwekea kiganja ukingoni ili ajue benchi linaishia wapi. Kisha akakimbilia kiwanda cha mikate anakofanya kazi, kuomba ruhusa ya kumpeleka hospitali. Alituomba tumwangalie ndugu yake. Nasi tukamwangalia kweli. Tulimkodolea macho mpaka kahawa ilipoanza kumiminwa. Baada ya hapo, kama marafiki wa dhati, tukaanza kumjadili.

Aliyefungua mjadala alikuwa Askofu. Si askofu, ni mzee wa kanisa tu, ila ana koti jeusi na sauti inayotokea tumboni, na jina likamkaa. Alitangaza kwamba Mungu humjaribu yule anayempenda. Alilitangaza hilo kwa kelele, akiwa amemwinamia Cheche, kana kwamba bandeji ilikuwa ya masikioni.

— Nasikia, Askofu, Cheche alisema. Yaliyoumia ni macho.

Askofu alipunguza sauti, hakupunguza mafundisho. Alieleza kwamba imani ya mtu ni kama chuma, uimara wake haujulikani mpaka kigongwe, na kwamba hakuna pigo linalomfika mwanadamu bila Mungu kulipima kwanza.

— Chuma nakijua, mzee wangu. Kuna cha kugongwa na kuna kinachopasuka. Fundi hukiangalia kabla hajainua nyundo.

— Naye alikuangalia. Akaona unaweza kustahimili.

— Ningeshukuru kama angenikadiria chini kidogo.

Hapo akadakia Muhula Mmoja. Huyu alisoma chuo cha Biblia kwa muhula mmoja, na sababu za kuacha hubadilika kulingana na anayeuliza. Yeye alisema kwamba Askofu anazungumza mambo ya shule ya Jumapili, wakati suala zima ni hiari. Mungu ametuumba huru. Akianza kudaka kila diski inayopasuka, uhuru wetu umekwisha, tutakuwa vibaraka. Mkasi, yule kinyozi, alitoa kichwa mlangoni na wembe mkononi, akauliza ni hiari ya nani hasa iliyopasua diski. Muhula Mmoja akataja ya aliyeitengeneza, ya aliyeiuza, ya fundi aliyeichagua dukani. Alipoona haijatosha, akapanda juu zaidi. Akasema kwamba kila kitu kilichoumbwa kina chembe ya uhuru ndani yake, hata chuma. Kile kipande kiliruka kwa uhuru wake; kilikuwa na nafasi ya kwenda ukutani.

— Basi kimetenda dhambi, Mkasi alisema.

— Kitaalamu, ndiyo.

Tukatumia muda mrefu kuliko inavyostahili kujadili kama diski inaweza kutubu.

Mkasi hakuridhika. Ndani ya kibanda chake alikuwa amemwacha mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa, lakini jambo lenyewe lilikuwa la kiroho, halikuweza kusubiri. Alisema tunamlaumu Mungu bure na mhusika yuko wazi: shetani. Shetani hana haja na walevi, hao anao tayari. Aliona msalaba unakwenda kupanda juu ya paa, wa chuma, mrefu, unaoonekana hadi ng'ambo ya kituo cha mabasi, akajua biashara yake itadorora. Mama Birika akamuuliza shetani aliingiaje kwenye diski. Mkasi akapunguza sauti, akatazama huku na huku, akatuambia kwamba shetani ana kiwanda. Diski zake anazifanya nyembamba makusudi, anazipanga juu kabisa ya boksi ili mcha Mungu, ambaye siku zote ana haraka ya kutenda mema, achukue ya juu. Ushahidi? Diski za zamani hazikuwa zikipasuka. Mteja mwenye nusu kichwa akauliza kutoka ndani kama vinyozi wanaoacha kazi katikati nao wameajiriwa huko.

Mimi nilikaa kimya. Haikuwa hekima, nilikuwa natafuna.

Askofu aliona mjadala unamponyoka, akaurudisha nyumbani kwa nguvu. Alisema kuna mapigo ambayo ni rehema iliyojificha. Huenda Mungu, anayeona mwisho tangu mwanzo, alilichukua lile jicho kwa sababu ndilo ambalo siku moja Cheche angelitumia kumtamani mke wa mtu.

— Askofu, mimi hata wangu sina.

— Ndiyo maana nikasema siku moja.

— Na hili la kulia lingemtamani nani?

Askofu akasema hilo bado linachunguzwa, ndiyo maana limefungwa. Alivyolisema, ungedhani bandeji ilitoka kwake.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Tulikubaliana, bila kumuuliza mwenyewe, kwamba Jumapili Cheche asimame mbele ya kanisa atoe ushuhuda. Muhula Mmoja alijitolea kuuandika. Mkasi alitaka kiwanda kitajwe. Likazuka swali kama ushuhuda ungefaa zaidi Cheche akiwa anaona au akiwa haoni. Muhula Mmoja alilipima kwa uso wa mtu mwenye vyeti, akasema kwamba kupona kunavutia umati, lakini kutokupona kuna kina zaidi. Cheche alikuwa ameketi katikati yetu, mikono juu ya magoti. Alikuwa akigeuza kichwa kila zikisikika hatua za mtu barabarani. Dada yake hakuwa ametokea.

Mama Birika alikuwa akisuuza vikombe. Hakuinua uso.

— Hata Mwana wa Mungu hakuepushwa na misumari, alisema. Alilia, akauliza kwa nini ameachwa, na hakujibiwa palepale. Ninyi mnajibu kwa niaba ya nani?

Tulimwambia kahawa ya leo ni nyepesi.

Cheche alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile, kicheko kifupi cha puani. Kisha akatuambia jambo ambalo hatukuwa tumelitarajia, kwa sababu hatukuwa tumetarajia aseme chochote.

— Mimi naongea naye kila siku, Mungu. Nikimlalamikia habari ya macho, ananyamaza. Simwelewi, lakini najua yupo. Ni kama mtu aliyekaa chumbani bila kuwasha taa. Ila nikimlalamikia habari zenu, nahisi kabisa kwamba ananielewa. Maana naye alikuwa na rafiki zake. Usiku ule mbaya wa kukamatwa kwake aliwaomba wakeshe naye kidogo tu, wakalala.

— Nasi hatujalala, ndugu yetu, Askofu alisema, akiguswa.

— Ndiyo shida yenu. Natamani mngelala.

Hakuna aliyelichukulia kama linatuhusu. Muhula Mmoja alikuwa ameshaanza kueleza usingizi wa wanafunzi unamaanisha nini, na sijui angefika wapi, ila mshonaji wa nguo aliyehamia mtaani juzi akasimama mbele yetu.

Amepanga chumba nyuma ya kibanda cha kinyozi, na pini bado zilikuwa kwenye ukosi wa gauni lake. Alikuwa na mkate kwapani. Alisalimu wote, sisi tukamwonyesha mahali pa mgeni, pale panapovuja. Akasema haketi. Akamgeukia Cheche.

— Kaka, pole. Nimetoka kununua mkate, dada yako akanituma. Msimamizi wake amemkatalia ruhusa mpaka zamu iishe. Amesema, kama kuna mwenzako hapa, akupeleke. Wakifunga kile chumba cha macho, mpaka wiki ijayo.

Ukimya ulioanguka pale ulikuwa wa kiroho sana. Mkasi alikumbuka mteja wake. Muhula Mmoja alikumbuka mtu anayemngoja mahali, hakukumbuka ni mtu gani wala ni wapi. Askofu alikoroga kahawa yake, na kahawa yake haina sukari. Mimi nilichunguza kiatu changu. Mshonaji alitutazama mmoja baada ya mwingine, na nadhani ni kwa kuona aibu kwa niaba yetu ndipo akarudi kwa Cheche na kutafuta la kusema.

— Samahani, sina nia mbaya. Mafundi wa chuma niliowaona kwingine huvaa miwani ile minene wakikata. Wewe huna?

Lilikuwa swali dogo. Tangu Cheche apelekwe hospitali tulikuwa tumemuuliza Mungu alikuwa wapi, tukamuuliza shetani alikuwa wapi, karibu tuwaulize malaika walikuwa zamu gani. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza miwani ilikuwa wapi. Kijiwe chetu hakishughuliki na maswali madogo.

— Ninayo, Cheche alisema.

— Hukuivaa?

— Nilikuwa nimemvisha mtu. Alikuja kuangalia kazi, akainama karibu mno, nikaogopa asiumie. Na mkato wenyewe ulikuwa mdogo, upana wa kidole. Nikasema nitafumba kidogo, nimalize.

— Mtu gani?

Cheche aligeuza uso upande wa barabara, mbali na benchi, kama anayetuachia nafasi ya kupita.

— Mtu tu, alisema.

Mshonaji alitutazama sisi. Tulitazamana. Huenda tungeendelea kutazamana mpaka jioni, kama Askofu asingeweka kikombe chake chini. Alikiweka vibaya, kikalala ubavu, kahawa ikatiririka hadi kwenye koti. Hakuifuta.

— Ni mimi, alisema.

Sauti haikutoka tumboni. Sijui ilitokea wapi, ilikuwa nyembamba.

— Nilikwenda nikamwambia mkono mmoja wa msalaba umezidi. Haukuwa umezidi sana. Ningeweza kuuacha. Nikataka aupunguze nikiwa naona. Akaivua miwani yake akanivisha mimi, akaikaza kamba nyuma ya kichwa changu kama unavyomvisha mtoto kofia. Diski ilipopasuka, kipande kilinigonga hapa.

Aligusa jicho lake la kulia. Zima, jekundu, limejaa maji.

— Kioo kina ufa. Nimeificha kabatini, nyuma ya nguo. Nimeshindwa kuirudisha.

Mkasi alikunja wembe wake. Mama Birika peke yake ndiye aliyejua la kufanya: aliokota kikombe kilichoanguka, akakisuuza, hakukijaza. Ndipo nikafahamu kwa nini mzee yule alikuwa amehubiri kwa nguvu namna ile tangu asubuhi. Kila mara alipomtaja Mungu, alikuwa anajificha nyuma yake.

— Askofu, Cheche alisema. Umenyamaza. Bado upo?

— Nipo.

— Unajua njia ya hospitali?

— Naijua.

— Basi nipeleke. Ila njiani usinieleze kitu.

Askofu alisimama. Hakujua amshike wapi. Alijaribu bega, akajaribu kiwiko, mwishowe Cheche mwenyewe akautafuta mkono wake hewani, akaupata, akaupitisha kwapani. Mshonaji alilisogeza kando jiko la Mama Birika lisiwachome. Walivuka mtaro, mmoja mbele, mwingine nyuma, polepole, koti jeusi na bandeji nyeupe, wakishika njia ya soko.

Hakuna aliyezungumza benchini, kwa hiyo tuliweza kumsikia Askofu mpaka walipokata kona. Hakumtaja Mungu hata mara moja. Alisema, shimo. Alisema, jiwe hapa. Ngoja, baiskeli inapita. Panda kidogo. Haya, sasa twende.

Nimemsikiliza mzee yule miaka mingi, kanisani na kijiweni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomwelewa kila neno.