Ustadh Fikri Anaondoka na Masikio Yake

Baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga ngoma katika bendi yetu ya harusi hapa Aleksandria, Ustadh Fikri Girgis anastaafu tarehe 30 Aprili. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu nimekaa kiti cha nyuma yake muda wote huo. Niseme mapema: namwonea wivu, na walionipa kazi hii walilijua hilo.

Alitujia kutoka uwanja wa ndege, alikokuwa akipakia mizigo, akaja na vifuniko vya masikio vya kule, vinene, vyekundu. Sisi mazoezi yetu yalikuwa ya kufungulia kanda kwenye spika mpaka vioo vitetemeke. Ngoma ikiufunika muziki, tunaongeza muziki; muziki ukiifunika ngoma, tunaongeza mkono. Fikri alipachika spika ndogo masikioni, akavaa vifuniko juu yake, akapiga huku kanda ikiwa chini kabisa. Kisha alikuwa akivua vyote na kwenda kunywa chai nje, eti masikio yapumzike. Tulimwita Rubani, tukamuuliza ndege yake inaruka saa ngapi. Naye alicheka tu, akisema ukishaizuia ngoma isikujae masikioni, muziki hauna haja ya kupayuka.

Matunda yake tuliyaona. Tukimsindikiza bwana harusi, katikati ya zumari na vigelegele, alimsikia Bi Inshirah, kiongozi na mwimbaji wetu, akivuta pumzi, wakaingia pamoja. Siku moja mtaa wa Anfushi alisimamisha ngoma ghafla. Tulidhani amekosea, kumbe amemsikia bibi mzaa baba wa bwana harusi akiita dirishani, amefungiwa ndani na kusahauliwa. Fikri alipewa bata mzima. Mimi nilipata shingo.

Kiti chake nimekingoja tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Wiki iliyopita Bi Inshirah alinijaribu: yeye aanze kuimba kwa sauti ya chini, nami niingie na ngoma. Nikangoja aanze. Nikazidi kungoja. Mwishowe akaniinamia sikioni.

"Zaghlul, kaka yangu, nimeshamaliza."

Kiti amepewa Nivin, mwanafunzi wa Fikri, ambaye naye huvaa vifuniko. Masikioni mwangu birika linachemka mchana kutwa, na hakuna wa kuliepua.

Jioni ile Fikri alikuja kwangu, akaweka vile vyekundu mezani. "Vaa, bwana," akasema kwa sauti kubwa, ya kunihurumia. "Kilichobaki usikitupe." Nilitamani kumrushia. Sasa navivaa kila nikifanya mazoezi, na inaniuma kwamba vinafaa.

Ustadh, bendi nzima inakushukuru. Nenda salama mjini Rashid kwa dada yako, ule matunda ya bustani na ulale vizuri. Wanasema alfajiri ndege wa huko ni wengi. Ukija kututembelea, unisimulie wanavyolia, na ukae upande wangu wa kulia. Upande huo bado nasikia kidogo.