Jumamosi za Mwalimu Ngigi Gichuru, 1956–2007

Ngigi Gichuru alizaliwa Ngong tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Gichuru na Mama Muthoni, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi hapa leo. Walikaa nyumba ya kukodi nyuma ya soko. Mama anasema kijana huyu alianza kugonga misumari kabla hajajua kufunga vifungo vya shati, na kwamba mwenye nyumba alikuja mara mbili kulalamika kuhusu milango.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Ngong, akamaliza kidato cha nne mwaka 1974, na Desemba 1977 akafuzu ualimu. Januari iliyofuata alitumwa Kajiado kufundisha hesabu, na huko alibaki hadi mwisho. Wanafunzi wake, ambao wengine sasa ni wazazi, wanakumbuka kwamba hakufuta ubao hata siku moja kabla mtoto wa mwisho hajamaliza kunakili.

Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa kanisani Ngong na Wanjira, fundi wa cherehani. Walijaliwa Judy mwaka 1985 na Gichuru mwaka 1988. Familia iliishi katika nyumba ya walimu mjini Kajiado, chumba na sebule, na Wanjira alipikia barazani kwa miaka mingi. Waliponunua ploti hapa Kitengela mwaka 1996, aliomba kitu kimoja tu: jiko lenye mlango na dirisha.

Hapo ndipo wikendi za Mwalimu zilipogawanywa. Jumamosi ilikuwa ya nyumba. Jumapili, wakitoka kanisani, ilikuwa ya shamba. Walichimba msingi hadi kwenye mwamba, kwa sababu udongo mweusi wa huku hupasua ukuta usio na mizizi. Jumapili moja mwaka 1998 walikuta pundamilia sita wakimaliza mboga za sukuma, na Mwalimu akawafukuza akiwa na suti na tai, Biblia mkononi. Jirani yetu Parsaoti alicheka hadi akaketi chini. "Mwalimu," alimwambia, "hawa walikuwa hapa kabla ya ploti yako. Wewe ndiye mgeni, wakaribishe." Tangu siku hiyo walikuwa marafiki.

Desemba 2001 walihamia vyumba viwili vilivyokuwa tayari. Jiko lilifika usawa wa madirisha mwanzoni mwa 2004, likasimama hapo.

Kuanzia katikati ya mwaka huo Jumamosi zake zilibadilika. Ghafla Mwalimu aliona lazima pawe na kitalu cha vitunguu. Kabla vitunguu havijashika, akaanza ua wa miti. Ua haujafunga kona, akaleta miche ya mapapai. Fundi Mbithi akija kujenga, Mwalimu alimwachia wilbaro na kwenda kuinamia miche yake.

"Baba Judy, tutapikia ndani ya kitunguu?" Wanjira alimuuliza.

"Mawe yatanisubiri, Mama Judy. Hii miche ikikauka leo, imeenda."

Wanjira alimlalamikia Parsaoti, wakiwa wamesimama kwenye ua. "Mimi niko na mwanaume wa kuanza tu. Wa kumaliza sijui kama waliumbwa."

"Basi mnunulie ng'ombe," Parsaoti alijibu. "Hizo hazimalizwi."

Walicheka wote, na Mwalimu zaidi yao.

Jumamosi tarehe 18 Agosti 2007, shule zikiwa zimefungwa, Wanjira aliamka na nia moja. "Jembe nimeficha," alimwambia mumewe. "Leo ni mawe."

"Sawa, mama inspekta," Mwalimu alisema, akapiga saluti.

Mbithi alikuwa amechelewa siku hiyo. Mwalimu alisukuma wilbaro ya mawe mara nne, kutoka barabarani hadi ukutani. Mara ya tano aliketi juu ya mawe. Wanjira alimwita kutoka barazani: "Umechoka na hata fundi hajafika?" Hakujibu. Alifariki saa tano asubuhi, njiani kuelekea hospitalini, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya mkewe.

Jumanne, akitafuta kitambulisho cha marehemu, Wanjira alifungua faili ya ploti. Katikati ya michoro ya nyumba alikuta kadi ya kliniki iliyoanza tarehe 17 Mei 2004. Iliandikwa kwamba moyo umepanuka, na kwamba mgonjwa asinyanyue wala kusukuma kitu kizito. Tarehe za kliniki zilijaza pande zote mbili. Wanjira alizitambua moja moja. Zilikuwa siku za mikutano ya walimu.

Mbithi alipokuja kutoa pole, alimwonyesha kadi hiyo. Mbithi hakuisoma.

"Mama Judy, mimi alinikataza. Alisema ukijua utamfunga kwa kiti kama mgonjwa."

"Miaka mitatu, Mbithi. Unakula kwangu kila Jumamosi, unanisikia nikimwita mvivu."

"Nilikuwa nachukua wilbaro. Si uliona nachukua?"

"Niliona. Nikafikiri ni kazi yako."

Mbithi alilia. Wanjira hakulia.

Tulipoketi kuandika wasifu huu, baadhi yetu tulipendekeza maneno ya kawaida, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Wanjira alikataa. "Miaka mitatu si muda mfupi," alisema. "Andikeni miaka mitatu. Na muandike kwamba sikuambiwa." Shemeji mmoja alimwambia kwamba Mwalimu alificha kwa upendo, asimtie hofu. Wanjira alisema huenda ni kweli, lakini upendo huo ulimwachia yeye neno la mwisho, na neno lenyewe lilikuwa la kumsuta mtu anayekufa.

Tumeandika kama alivyotaka. Ngigi Gichuru aliugua moyo kwa miaka mitatu na miezi mitatu. Mkewe hakuambiwa.

Amemwacha mama yake, Muthoni. Mjane wake, Wanjira. Watoto wake, Judy na Gichuru. Ndugu na dada. Majirani, na wanafunzi wa miaka ishirini na tisa. Tunamlaza hapa Kitengela, leo Ijumaa tarehe 24 Agosti 2007.

Mungu ampe Ngigi amani. Ampe na Wanjira, aliyemtuma mawe bila kujua.