Historia ya Dkt. Providence Ndayizeye, Inayoanzia Mwishoni

Ndugu waombolezaji, historia ya mpendwa wetu Dkt. Providence Ndayizeye inaanzia mwishoni, familia haijakosea, marehemu mwenyewe aliagiza hivyo akiwa kitandani, na mama yake mzazi, Mama Libérate, aligoma siku nzima kabla ya kukubali, maana tangu lini mtu akazikwa kwanza akazaliwa baadaye.

Providence alifariki dunia alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, hospitalini hapa Mpanda, kwa saratani ya damu iliyogundulika Juni 2024. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Makanyagio waliopika na kulala msibani, na wahadhiri wenzake waliosafiri kutoka Dar es Salaam.

Ameacha mume, Deogratias, aliyefunga naye ndoa hapa Mpanda tarehe 17 Desemba 2016, na binti yao Queen, aliyezaliwa mwaka uliofuata, ambaye tangu jana kila anayeingia anamuuliza mama aliumwa nini, na hakuna aliyemuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani.

Kazi ya Providence ilihusu jambo hilo hilo, swali lipi linatangulia. Akiwa mhadhiri wa kompyuta, mwaka 2019 alikaa na wafanyabiashara wa Majengo wakitafuta kwenye simu dawa ya viwavi wa mahindi, wengine akawauliza kwanza kama wanaiamini habari waliyoletewa, ndipo kama inawafaa, wengine akawageuzia mpangilio wa maswali, na ukurasa ule ule ukahukumiwa tofauti. Aliieleza tofauti hiyo kwa hesabu za kwantamu, zile za wanafizikia wa chembe ndogo kabisa, akisema jibu halikai kichwani likisubiri kuulizwa, swali la kwanza hulitengeneza na kugeuza jibu la swali la pili. Wengi walimcheka, Mama Libérate akiwamo, hadi alipotunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2022.

Ndiyo maana aliomba ugonjwa utangulie, akihofia ukisomwa mwishoni ndio mtakaoondoka nao.

Sekondari alisoma hapa Mpanda, na shule ya msingi huko Katumba, 1996 hadi 2002.

Alizaliwa Katumba tarehe 3 Machi 1989, kando ya njia, mvua ikinyesha, baba yake Silvester akikokota baiskeli kwenye matope, zahanati ikiwa bado mbali. Mama Libérate, yule aliyegoma, ameomba hapa pasomwe taratibu: mtoto alitoka akipiga kelele, mwenye nguvu, mzima kabisa, na mama yake, amelowa chapachapa, alicheka mpaka akashindwa kumpokea. Anaomba mwondoke na huyo. Lala kwa amani, Providence.