Mzee Gogota na Vigae Mia Sita na Kumi na Viwili

Baada ya miaka thelathini na saba na miezi minne ya kupanda ngazi na kushuka, fundi mkuu wa mapaa katika Idara yetu ya Majengo ya Kale anastaafu leo tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri. Saa naitaja kwa makusudi. Vifaa vyake amenikabidhi saa sita mchana, lakini macho hayakabidhiwi, na amesema kabla ya kuja ukumbini atapitia kwanza kuangalia mfereji wa paa la posta ya zamani. Kwa hiyo kama mnasoma haya na kiti chake bado ni kitupu, msimtafute. Ndivyo tulivyoishi naye.

Mkuu wa Idara aliniita wiki mbili zilizopita, akanipa jalada la mzee, akaniagiza niandike ukurasa mmoja na nusu wa kuchangamsha watu. Mimi ni mtunza stoo. Elimu yangu kubwa ni ya kuhesabu misumari, na kalamu nimezoea kuishika kwenye daftari la kupokea na kutoa. Nilimwomba Mungu anisaidie, nikalisoma jalada mara mbili. Ni jalada safi lenye ugonjwa mmoja: barua ya onyo ya miaka sita iliyopita, kwa uzembe wa kuacha vigae vya urithi nje bila kuvifunika.

Mnaijua desturi yetu. Anayestaafu bila barua ya onyo jaladani, picha yake inatundikwa kwenye ukumbi wa mapokezi. Tangu idara ianze, picha ni tano. Kulabu ya sita ipo, imeshapata kutu kwa kungoja. Kwa sababu ya karatasi ile moja, Mzee Gogota anaondoka leo bila kutundikwa, na wengi wenu mmeshalizoea jambo hilo. Mimi sijalizoea, na nitaeleza kwa nini.

Alianza kazi kijana mwembamba wa kubeba ndoo za chokaa. Miaka miwili ya kwanza fundi wake hakumruhusu kugusa kigae, alimruhusu kukigonga tu. Kigae kizima kikigongwa kwa kifundo cha kidole kinalia kama kengele ndogo; chenye ufa kinajibu kama mtu mwenye mafua. Akajifunza kugonga, na Mungu ni shahidi, hajaacha mpaka leo. Ndipo tukamwita Gogota, kwa jina la yule ndege anayegonga miti. Amegonga mapaa kumi na manne, likiwemo la mahakama ya zamani na la maktaba, na yote yamesimama. Amegonga pia sahani za kantini kabla ya kula, mpaka mpishi wetu akanuna mwezi mzima. Aligonga meza mpya ya Mkuu mbele ya wageni, akasema ndani ina uwazi. Mkewe, ambaye namheshimu sana kwa subira yake, ameniambia nyumbani anagonga sufuria, na kwamba kustaafu ni jambo jema ila tumtafutie mumewe kibarua kingine haraka.

Sasa nije kwenye ile zahanati ya wazazi, miaka sita iliyopita.

Jengo lile lina zaidi ya miaka mia moja na paa la vigae vya udongo vilivyofinyangwa kwa mkono. Umeme ulikuwa ukikatika siku tatu kwa wiki. Chanjo za watoto zilikuwa zinaharibika kwenye jokofu, na mkunga mkuu alikuwa anakuja hapa ofisini kila Jumatatu kukaa kwenye benchi, anatuangalia tu. Zikapatikana paneli za sola. Baraza la urithi likatoa kibali chenye masharti mawili: kigae kisitobolewe hata kimoja, na paneli zisionekane kutoka barabarani. Na mvua zilikuwa zimebakiza wiki saba.

Injinia wa sola alikuwa binti mdogo, mwepesi, ana drili yake na ratiba ya siku mbili. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akapanda juu, akagonga paa zima. Vigae elfu mbili na zaidi. Injinia alikaa kwenye gari siku hiyo yote, na jioni nilimpelekea chai kwa sababu macho yalikuwa mekundu. Mzee aliposhuka akatoa hukumu. Sola ikae upande wa uani, usioonekana. Vigae mia sita na kumi na viwili vishushwe kimoja kimoja. Kulabu za chuma zifungwe chini kwenye makombamoyo, ile miti inayobeba paa, zitokeze juu kwenye nafasi kati ya kigae na kigae, paneli zikae juu ya kulabu, vigae virudi kila kimoja mahali pake. Mahali pake pale pale, si jirani yake. Vilifinyangwa kwa mkono, alisema, kila kimoja kina mgongo wake, na vimekaa pamoja miaka mia moja mpaka vimezoeana. Ukimweka mmoja kwenye kitanda cha mwingine, maji yatapita.

Kulabu alizikataa mara tatu. Mara ya tatu zilikuwa zimezidi kwa unene wa ukucha tu. Mhunzi alimtolea maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi ya idara.

Vigae alivishusha mwenyewe, kila kimoja akakiandika namba kwa chaki upande wa chini, akavipanga kwenye uwanja wa stoo yangu. Stoo yangu mnaijua. Usafi kwangu ni ibada. Na wiki ile Mkuu alikuwa anakuja kukagua stoo, na mkataba wangu ulikuwa mezani kwake unasubiri saini. Mimi ni mjane, nina watoto watatu. Nikaviangalia vile vigae, vina masizi, vina ukungu, vimejaa uwanja mzima. Nikasema nimsaidie mzee.

Wengi wenu mliambiwa ni mvua iliyofuta namba. Haikuwa mvua. Ni mimi. Niliviosha vyote mia sita na kumi na viwili kwa brashi na sabuni, juu na chini, nikavianika nimevipanga upya kwa ukubwa ili vipendeze. Nilitumia siku nzima ya Alhamisi, naimba tenzi za dini.

Ijumaa asubuhi mzee alifika kabla ya Mkuu. Akasimama mlangoni. Akaokota kigae kimoja, akakigeuza, akakirudisha. Akaokota kingine. Nilipoelewa nilichofanya, nikakaa kwenye mfuko wa chokaa. Sikuweza kulia wala kusali. Hapo hapo Mkuu akaingia na watu wake, akaona vigae vinang'aa, akauliza namba ziko wapi.

"Ni mvua, mkuu," mzee akasema.

"Mvua gani? Mwezi huu?"

"Ilinyesha kidogo. Upande huu tu."

Mkuu aliangalia angani, akaangalia kamba yangu ya nguo yenye brashi ambayo bado haijakauka, akamwangalia mzee. Kisha akasema kama ni mvua basi ni uzembe wa kutofunika, na uzembe una barua yake. Mzee akasema sawa. Mkataba wangu ulisainiwa mchana ule.

Nilimfuata nikimwambia nakwenda kusema ukweli. Akaniambia nikifungua mdomo kabla hajakabidhi ngazi yake siku ya kustaafu, atanirudishia vigae vyote stoo na hatavitoa tena. Namfahamu. Angefanya.

Basi siku tisa alikaa chini uwanjani, anageuza kigae, anakipapasa, anakigonga, anatafuta jirani yake. Chini ya vigae vingine kulikuwa na alama za vidole vya mfinyanzi, na mzee akawajua wafinyanzi kama watu wa mtaani: huyu wa dole gumba nene, huyu mwenye haraka. Mimi nilikuwa mbebaji. Na jamani, nisiwadanganye kwamba alikuwa malaika. Alinikaripia kwa jinsi ninavyoshika kigae, ninavyopanda ngazi, ninavyopumua. Kigae cha mia tatu na tisa nilikipandisha na kukishusha mara kumi na moja, kila mara anasema si hapa, mpaka nikamwomba Mungu anichukue mimi au amchukue yeye. Injinia alikuja siku ya tano kugomba kuhusu ratiba, akapewa kigae akigonge, akaondoka siku ya tisa. Katika siku hizo zote mzee alilalamika kuhusu kila kitu chini ya jua. La kuosha hakulitaja hata mara moja.

Paneli zilikaa zikiwa zimebaki siku nne mvua kuanza. Mkaguzi wa baraza alipita barabarani mara nne akinyoosha shingo, hakuona kitu, akaondoka kama mtu aliyedhulumiwa. Mvua ya kwanza ilipopiga, mkunga mkuu aliweka beseni katikati ya wodi, akavuta kiti, akakaa kulitazama mpaka mvua ilipokatika. Beseni lilikuwa kavu. Jokofu lile halijazimika mpaka leo, na Jumatatu benchi letu ni tupu.

Baada ya hapo tumeweka sola kwenye majengo mengine matano kwa mtindo ule ule, na injinia sasa ni mkuu wa kitengo. Nimemwona akigonga kikombe kabla ya kunywa. Nilimsihi mzee siku moja aandike namba kwa rangi isiyofutika. Akasema kigae kilichoishi miaka mia moja bila kuandikwa hakihitaji kubeba namba ya fundi mpaka siku ya kiama, akaendelea na chaki yake. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje?

Ndiyo maana nimewaomba wachapaji karatasi hizi zisigawiwe mpaka leo saa nane. Saa sita nimeipokea ngazi yake, nyundo mbili, kamba na kipande cha chaki, na nimesaini. Ahadi imetimia. Mkuu, ulikuwepo ukaiona ile brashi, na nadhani mwenyewe umechoka kuibeba mvua ile. Naomba barua itolewe kwenye jalada la mzee iwekwe kwenye langu. Jalada langu ni jembamba, lina nafasi. Sina haja ya picha yangu ukutani. Kulabu ya sita si yangu.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa mapaa kumi na manne na kwa kutuchosha kwa faida yetu. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana, na mke wako akuvumilie kwenye sufuria. Uishi vizuri, na usipande kitu chochote kirefu kuliko kiti.

Na leo mbele ya watu wote, Mkuu akikugeukia kukuuliza kama haya niliyoandika ni kweli, nakuomba, baba yangu, usiseme ni mvua.