Fundi Viatu wa Pale Nje

Ndani ya basi, muuguzi alijifanya anasinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele, kwa mzee mmoja anayejitolea kutafuta ndugu wa maiti waliokosa wenyewe. Alikuwa akimsimulia mama aliyekaa naye. "Nimezunguka na picha ya marehemu mji mzima. Masokoni, stendi, wapi sikufika! Jana mke wangu kaichungulia tu: 'Huyu si fundi viatu wa pale nje kwetu?'"

"Usiniambie hukumjua!"

"Nilikuwa nampa viatu huku naongea na simu, mama. Usoni sikuwahi kumtazama. Sasa ndio naenda kwa ndugu zake."

"Basi waambie hivyo hivyo."

"Wafiwa wale? Si nitawaongezea uchungu?"

"Unajionea huruma mwenyewe, baba, wala si wao."

Muuguzi alikuwa keshaegemea upande wa mama, mpaka alipojaribu kuikumbuka sura ya konda aliyempa nauli sasa hivi. Ikagoma kuja.

Basi likasimama. Mzee akashuka, nao wakaviona viatu vyake: soli zimeshonwa kwa uzi mweupe, mishono midogo midogo, hata mmoja haujalegea.