Historia ya Dada Yetu, Mwalimu Msasa, na Alama Ambazo Hakuzitoa

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata kuzaliwa, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba asubuhi hii nimeombwa niruke aya moja ya karatasi hii kwa ajili ya heshima ya shule, na siruki.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963, kifungua mimba wa seremala na mshona nguo, katika vyumba viwili vilivyokuwa nyuma ya karakana ya baba, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha sekondari ya ufundi, ambako alikuwa msichana peke yake darasani, na walipomshauri ahamie upishi aliwajibu kwamba kula anajua, anachotaka kujua ni meza inasimamaje.

Alihitimu ualimu wa ufundi na uchoraji mwaka 1985, na tarehe 6 Januari 1986 akaripoti kwenye sekondari ambayo hakuihama hadi alipostaafu mwaka 2023. Wanafunzi walimbandika jina la Msasa, kwa sababu alipitisha kidole juu ya kazi, akatikisa kichwa, na mtu akarudi kusugua huku ananung'unika. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza kigoda bila msumari hata mmoja, kisha yeye mwenyewe alikikalia mbele ya darasa zima, na mwili wake, nyote mnaujua, haukuwa wa mchezo. Kigoda kikilia tu, unaanza upya.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1990 na fundi umeme, shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wote wakazaliwa wakati wa likizo, maana mama yao alisema siku nyingine hana nafasi.

Sasa aya yenyewe. Mwaka 2015 karakana ya shule ilifungwa, randa, patasi na misumeno vikatiwa kwenye magunia, likatandikwa zulia, yakaingizwa makochi, kikawa chumba cha wageni, na dada yetu akaambiwa afundishe ufundi ubaoni, jamani, watoto wachore picha ya randa kwenye daftari! Miaka miwili baadaye zikatakiwa alama za vitendo za wanafunzi arobaini na watatu ambao hawakuwahi kushika hata kipande cha ubao, naye akaandika mbele ya kila jina, hajafanya. Fomu iliyopelekwa baraza la mitihani ilikuwa na alama nzurinzuri, na chini yake sahihi yake, ambayo hakuitia yeye. Aliandika barua tatu, akajibiwa asiwaharibie watoto, akahamishiwa maktaba kugawa vitabu. Hivi, ni nani aliyewaharibia? Aliniambia kwamba wamemfanya mwongo kwa jina lake mwenyewe, na hilo lilimuuma hadi mwisho.

Hakukaa akalia. Aliwaita wanafunzi hao wote nyumbani kwake kila Jumamosi, uani, kwa vifaa vya marehemu baba, wakaja thelathini na wanane, wengine wameshamaliza shule, mmoja akiwa na mtoto mgongoni, wakatengeneza vigoda, akavikalia kimoja kimoja, akaandika alama za kweli katika daftari. Yupo aliyepata kumi na tisa kwa mia, lakini ni zake.

Alianza kuugua figo Februari 2024, akalazwa mara nne, akafariki tarehe 3 Juni saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia alipokuwa akikosoa vitanda vyao, majirani waliovumilia kelele za msumeno kila Jumamosi, na walimu wawili waliothubutu kumtetea. Wale waliokaa kimya tunawashukuru kwa kufika.

Mwalimu mkuu, nimekuona mstari wa pili na risala yako, inayosema wanafunzi wake wote walifaulu kwa mkono wake. Daftari ni hili hapa, na wenye alama zao wamesimama nyuma yako. Jina la dada yangu litoke kwenye ile fomu, na uniahidi hivyo mbele ya watu hawa, kabla hatujashika koleo kufukia kaburi. Tunakusubiri.

Dada, wewe pumzika kwa amani.